Gari lililia wiki tatu, mzee hakusikia

KWA wiki tatu mfululizo mama huyu wa Makambako alimwambia mumewe jambo lile lile kila walipopanda gari: linalia. Halikuwa linagonga wala kukwaruza. Lilikuwa linalia, mlio mwembamba unaopanda na kushuka kama mbu aliyeingia ndani ya chandarua. Na kwa wiki tatu mumewe alimjibu jibu lile lile, kwamba gari la zamani lina kelele zake, na mtu aliyekaa kiti cha abiria hana kazi nyingine ila kuzitafuta.

Jibu hilo lilimuuma, ingawa alilielewa. Mumewe aliendesha malori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka 27 kabla ya kustaafu na kufungua duka la vifaa vya ujenzi. Mtu aliyepanda Kitonga usiku na mzigo wa tani 30 hafundishwi gari na mkewe, hasa mbele ya watu. (Wenyewe waliomba majina yao yasitajwe, na ukisoma hadi mwisho utaona sababu.)

Wiki ya pili mzee alilegea. Alipeleka pikapu yao, Hilux ya dizeli ya milango minne, kwa fundi mmoja wa mtaani. Fundi alifungua boneti, akasikiliza kidogo, akasema ni pampu ya usukani inakosa mafuta. Akaongeza mafuta, akachukua hela yake. Jioni mzee alirudi nyumbani akatangaza: "Imeisha."

Kesho yake asubuhi mama alipanda gari kwenda kanisani. Mlio ulikuwepo vilevile, tena ulikuwa umekua.

Hapo ndipo alipoanza kuogopa kitu kingine kabisa. Mume anayesema imeisha wakati haijaisha anaficha nini? Je, alikwenda kwa fundi kweli, au hela ilikwenda kwingine? Miaka 34 ya ndoa, na mwanamke anajikuta anahesabu risiti kwa sababu ya mlio wa gari. Alinyamaza. Wanawake wengi wanaosoma ukurasa huu wanajua kunyamaza kwa namna hiyo kukoje, na wanaume wengi wamewahi kukudhani ni amani.

Mwezi Juni wakalazimika kusafiri kwenda Manda, kwao mzee, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa. Haikuwa safari ya matembezi. Desemba iliyotangulia ukoo ulikaa huko kuzungumzia shamba la marehemu baba yao, karibu na mahali mto Ruhuhu unapoingia ziwani. Mdogo wake mzee, ambaye ndiye anayeishi hapo na kulima, alisema neno lake kama anavyosema siku zote, taratibu, macho yakiwa chini, kama mdogo anavyopaswa kusema mbele ya kaka. Mzee akajibu kila mtu akisikia: "Haya, tuuze basi. Tafuteni mteja." Mdogo wake aliinuka, akatoka nje, na hakurudi kula.

Tangu siku hiyo maneno yakawa yanapanda na kushuka barabara ya Ludewa. Yaliyofika Manda yalisema mzee amelewa mji, amesahau makaburi ya wazazi. Yaliyofika Makambako yalisema mdogo mtu hajui anachotaka: anaomba shamba liuzwe, akikubaliwa anasusa. Simu walizopigiana ziliongeza moto. Na kwa kuwa kauli ya kaka mkubwa ina uzito, binamu mmoja alishatafuta mteja na kupokea kianzio. Wazee wakaita kikao cha pili.

Waliondoka Makambako saa 12:30 asubuhi. Juni katika nyanda zile ni baridi ya kuuma masikio, kwa hiyo vioo vyote vilifungwa na hita ikawashwa. Nyuma alikaa mjukuu wao wa darasa la nne, yuko likizo, amejifunika blanketi. Hawajafika mbali, mtoto akauliza:

"Bibi, nani anapiga filimbi?"

Bibi hakujibu. Alimtazama mumewe tu.

"Filimbi gani?" mzee akauliza, jicho kwenye kioo cha ndani.

"Hiyo, Babu. Iiiiii." Mtoto akaiga mlio kwa sauti yake. "Sasa imepanda. Iiiii! Eh, imeshuka tena."

Mzee alikuwa amekaribia lori la mbao na kuinua mguu kwenye mafuta wakati ule ule mtoto aliposema imeshuka. Alikanyaga tena. Nyuma, sauti ya mtoto ikapanda. Akainua, ikashuka. Mtoto wa miaka 10 aliyejifunika blanketi kiti cha nyuma haoni mguu wa babu yake. Basi kulikuwa na kitu cha kusikia ndani ya gari lile, na watu wawili kati ya watatu walikuwa wanakisikia.

Kilomita mbili au tatu zilipita bila mtu kusema. Kisha mzee akasema kwa sauti ya dereva anayempa utingo wake kazi: "Imba. Usiache kuimba mpaka nikwambie."

Kuanzia hapo ufundi wake wote ulirudi, isipokuwa masikio alikuwa ameazima. Kwanza alitaka kujua kama mlio unafuata magurudumu au injini. Kwenye barabara iliyonyooka alishika kilomita 50 kwa saa akiwa gia ya nne, akamwacha mtoto aimbe. Halafu, bila kubadilisha mwendo, akaingiza gia ya tatu. Magurudumu yalikuwa yanazunguka vilevile, injini ndiyo iliyoongeza mizunguko. Sauti ya mtoto ikapanda. Kwa hiyo beringi za magurudumu zikatoka kwenye orodha, na difu ya nyuma ikatoka nazo, kwa maana hizo zinafuata mwendo wa gari na hazijui gia. Wapo madereva wanaofanya kipimo hiki kwa kuweka gia huru wakati gari linatembea. Mzee haruhusu mtu afanye hivyo kwenye mteremko, na ana majina ya wenzake wa kutolea ushahidi.

Aliegesha nje kabisa ya lami, injini ikiunguruma.

"Bado inalia?"

"Bado, Babu."

Akazungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha hadi mwisho kulia. Pampu ya usukani ikiwa mbovu, hapo ndipo inapopiga kelele kuliko kawaida, kwa sababu ndipo inapobanwa. Mtoto akaendelea na iiii ile ile. Fundi wa mtaani alikuwa amekula hela ya bure. Mzee akazima hita na taa, akasubiri, kisha akawasha vyote kwa pamoja: taa kubwa, hita, vifuta vioo.

"Eh! Imekuwa nene," mtoto akasema, na bibi yake akaitikia kwa kichwa.

Umeme ulipohitajika mwingi, mlio ulibadilika. Ni oltaneta, kile kifaa cha kuchaji betri ambacho madereva wa zamani hukiita dainamo. Lakini oltaneta huzungushwa na mkanda wa feni, na mkanda uliolegea nao hulia. Mzee akafungua boneti, akamwagia mkanda maji kidogo kutoka kwenye chupa ya kunywa. Mkanda ndio ungekuwa unalia, maji yangebadilisha mlio wake japo kwa sekunde chache. Mtoto, aliyekwisha kushuka na kusimama mbali kama alivyoamriwa, hakuacha kuimba.

Zikabaki beringi za oltaneta. Kipo kipimo cha mwisho ambacho kila fundi wa Kiafrika anakijua: bisibisi ndefu. Ncha unaigusisha kwenye bodi ya chuma, mpini unauweka sikioni, na chuma kinakuletea sauti ya ndani kana kwamba umeingiza kichwa humo. Mzee alifanya hivyo maelfu ya mara katika miaka yake ya malori. Aliinama, akaweka ncha kwenye oltaneta, akasikiliza. Akahamisha kwenye pampu ya maji. Akarudi kwenye oltaneta. Alisikia ngurumo ya injini, na mtikisiko aliusikia mkononi kuliko sikioni. Filimbi hakuisikia.

Alisimama pale na bisibisi mkononi kwa muda. Magari yaliyokuwa yakienda Songea yalikuwa yanapita. Kisha akamwita mkewe.

"Mama, njoo. Kaza hiyo khanga, isifike kwenye feni."

Mama alifunga khanga vizuri, akaondoa ncha zote, naye mzee akamshika mkono kumwonyesha mahali pa kugusa. Mpini ulipofika sikioni mama alishtuka, akarudisha kichwa nyuma.

"Imo humu," alisema. "Inapiga kelele kama chuma kinakatwa. Wewe huisikii?"

"Siisikii," mzee akajibu.

Hakuna aliyemcheka. Mama anasema kama angekuwa amejiandaa kwa ushindi, ushindi wenyewe ulimwishia mkononi pale pale, maana alimwona mumewe usoni. Wiki tatu alidhani anapuuzwa. Kwa jinsi alivyokuwa amehesabu risiti moyoni, naye alikuwa na la kutubu.

Wakazima hita na taa kuupunguzia mzigo ule umeme, wakaenda pole pole hadi Njombe mjini, kwa fundi umeme wa magari waliyeelekezwa. Kijana mdogo, amevaa koti na kofia ya sufu, akawaamkia shikamoo zote mbili, akasikiliza mara moja tu na kusema "oltaneta". Lakini alipojua wanaelekea Manda aliacha spana.

"Mzee, kwa injini hii? Hii ni 3L."

Mzee alijua anachomaanisha, na anakiri alikuwa amesahau, au alikuwa hataki kukumbuka. Mama hakujua, kwa hiyo kijana alimweleza, na maelezo yake yanafaa kwa yeyote mwenye gari la aina hiyo. Breki za gari dogo husaidiwa na busta, chungu kikubwa cha bati kilicho nyuma ya injini, ambacho hufanya kazi kwa kunyonywa hewa. Injini ya petroli hujinyonyea yenyewe. Ya dizeli haina uwezo huo, kwa hiyo huwekewa pampu ndogo ya kunyonya hewa. Katika injini nyingi za zamani za dizeli za Toyota, ikiwemo 3L, pampu hiyo imefungwa mgongoni mwa oltaneta na huzungushwa na mhimili wake huo huo. Beringi ikikwama na mkanda ukakatika, hupotezi chaji tu. Unapoteza pampu ya breki. Na kwa kuwa mkanda ndio unaozungusha pia pampu ya maji, injini nayo inaanza kuchemka.

Akamkalisha mama kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa, akamwambia akanyage breki. Mara ya kwanza pedeli ilishuka. Ya pili ikashuka kidogo. Ya tatu ilikuwa kama kukanyaga jiwe.

"Ndivyo ingekuwa," kijana akasema. "Gari lingesimama, lakini kwa mtu mwenye miguu ya nguvu, na barabara ya kutosha."

Barabara ya kutosha ndiyo isiyokuwepo. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Tofauti hiyo yote gari linaishuka kupitia Ludewa, kona kwa kona, breki zikifanya kazi pamoja na gia. Kipande cha Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50, kimejengwa kwa zege na ni raha kukiendesha, lakini zege halipunguzi mteremko.

Oltaneta ilipofunguliwa, sababu ilionekana. Pampu ile hulainishwa kwa mafuta ya injini, na sili yake ilikuwa imechoka. Mafuta yalikuwa yanavuja kidogo kidogo kwenda kwenye beringi ya nyuma, yakaiosha grisi yake yote. Kijana aliizungusha kwa kidole mbele ya mzee. Ilikwaruza kama ina mchanga. Beringi mbili, sili moja, mkanda mpya kwa tahadhari. Ule wa zamani mzee aliutupa nyuma ya gari uwe wa akiba, kwa mazoea ya barabarani.

Kazi ilichukua saa mbili na nusu. Walingoja kwenye mgahawa wa jirani, chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha, na hapo ndipo tatizo la pili lilipofunguliwa.

Mama ndiye aliyeanza. Alijifunika mdomo kwa khanga na kusema neno moja kati ya mawili, "umwite" au "usimwite", mzee aseme alichosikia. Mjukuu alikuwa mwamuzi, anaweka njiti ya kiberiti kila mzee anapokosea. Mara 10. Mzee alijibu "umwite" mara zote 10. Njiti tano zilikuwa mezani.

Lugha yetu ina jambo ambalo watu wengi hawalifikirii: ruhusa na katazo mara nyingi vinatenganishwa na silabi moja tu. Aje, asije. Uende, usiende. Tuuze, tusiuze. Silabi hiyo inabebwa na s, na s ni sauti nyembamba kuliko karibu sauti zote tunazotamka. Nguvu yake kubwa iko juu ya hezi 4,000, wakati irabu, zinazolipa neno uzito na ukubwa, ziko chini zaidi. Masikio yaliyoharibiwa na kelele huanza kupoteza hasa eneo hilo la juu, kati ya hezi 3,000 na 6,000. Mtu wa namna hiyo hajioni kiziwi. Anasikia kwamba umesema, anasikia umesema kwa sauti gani, anapata neno karibu lote, na kinachopotea ni kile kipande kidogo chenye maana nzima. Simu ya kawaida ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa haibebi sauti zinazozidi kama hezi 3,400.

Kwa hiyo filimbi ya beringi na "si" ya Kiswahili zilikuwa zimepotelea mahali pamoja.

Mama alianza kurudi nyuma kwenye miaka. "Nilikwambia usimkopeshe yule fundi seremala. Ukamkopesha." Mzee akasema anakumbuka vizuri aliambiwa amkopeshe, hata akashangaa. Hela ile haikurudi, na mama aliibeba rohoni miaka sita. Wakapata nyingine, na nyingine. Walicheka, halafu wakaacha kucheka. Ilipofika nyumba ya kupanga ya Mafinga mzee alitaka kujitetea nayo pia, mama akamkata: "Hiyo ulisikia vizuri. Usijifiche humo."

Ndipo mzee akakumbuka Desemba. Alikaa kimya, akauliza: "Mdogo wangu alikuwa amekaa upande gani siku ile?"

"Kulia kwako. Upande wa mlango."

Upande wa kulia ndio uliokaa kwenye dirisha la lori miaka 27, kioo kimeshushwa kwa ajili ya joto, injini na upepo vikipiga sikio lile saa 10 na zaidi kwa siku. Nchi nyingi huweka desibeli 85 kwa saa nane kuwa mpaka wa kelele kazini. Kwenye malori ya zamani, kioo kikiwa wazi, mpaka huo ulivukwa bila mtu kuupima. Mkewe kwenye gari hukaa kushoto, sikio lenye nafuu, na bado mambo yalikuwa hivyo. Baadaye mzee alipimwa hospitalini, ndani ya chumba kisichopitisha sauti, na karatasi ilionyesha mistari miwili inayokwenda sawa kisha kuporomoka, wa kulia ukiporomoka zaidi. Daktari alimwambia kilichokufa hakirudi ila kinaweza kusaidiwa kwa kifaa, na kwamba yeye si wa pekee: Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 430 duniani wanahitaji msaada kwa sababu ya kupungukiwa na usikivu. Mzee alisema hao wengine hawamsaidii chochote kwenye kikao cha ukoo. Lakini hiyo ilikuwa Agosti.

Siku ile waliondoka Njombe karibu saa sita mchana. Kabla ya kila mteremko mrefu mzee aliingiza gia ya chini, akagusa breki kuijaribu, kisha akauliza nyuma: "Inalia?" "Hailii, Babu." Miti na baridi vikabaki juu, hewa ikaanza kuwa nzito, mablanketi yakavuliwa, na jua likiwa linaelekea milima ya ng'ambo wakaliona ziwa. Manda ambayo Wajerumani waliiita Wiedhafen leo ni mji mdogo tu wa mbasa, dagaa na mihogo, lakini kwa mtu wa pale hakuna mahali kama hapo duniani.

Kikao kilikuwa kesho yake. Mdogo mtu alikaa pale pale alipokaa Desemba, macho chini. Mzee aliinuka, akabeba kigoda chake mwenyewe, akaenda kukaa ili mdogo wake awe kushoto kwake, na wazee wakanong'ona wakidhani anahama kwa hasira.

"Mdogo wangu," alisema, "masikio yangu yameharibika. Nimeyajua jana. Sema tena ulichosema Desemba, na unitazame nione mdomo wako."

Si rahisi mwanamume wa umri ule kusema hivyo mbele ya ukoo. Kwa watu wengi sikio likifa, heshima nayo inahesabiwa imekufa. Watu wanaanza kuamua mambo yako bila wewe. Mama anasema alishika khanga yake kwa mikono miwili.

Mdogo mtu aliinua uso. "Kaka, nilisema lile shamba tusiuze."

"Hiyo si sikuisikia."

"Ulisema tuuze. Mbele ya watu."

"Nilidhani wewe ndiye unayetaka."

Si wote walioridhika. Dada yao mmoja aliuliza ni masikio gani hayo yanayochagua silabi, na mpaka leo hajaamini. Suala la kianzio lilichukua mchana mzima, kwa kuwa binamu alishakitumia nusu. Mwishowe ndugu wawili waligawana kukirudisha, na mzee akachukua sehemu kubwa, ingawa mkewe aliona si haki na alimwambia hivyo, kwenye sikio la kushoto. Jioni ndugu hao walikwenda kuangalia shamba wakiwa wawili tu. Walikaa huko hadi giza likaingia.

Siku ya tatu walianza kupanda kurudi. Kabla ya Ludewa, sauti ikaanza nyuma: "Iiiiiii."

Mzee aliinua mguu kwenye mafuta mara moja, akamtazama mkewe.

"Ni huyu mtoto tu," mama akasema. "Wewe endesha."